Tu na Ati

Mahakama ya nne. Feni inazunguka kwa kulalamika,
na mimi mkalimani, mwaka wa kumi na tisa
kwenye kiti kisicho na mkono wa kushoto,
naingojea sentensi ya Bi Mwanaharusi Famau wa Kuze
kama mtu angojaye kikapu kishushwe kwa kamba kutoka ghorofani:
hujui kina nini mpaka kikufike.

Akasema: "Alinitupia funguo."

Basi. Neno moja na funguo zake.
Ndani ya neno hilo wamo wote:
nduguye kaketi mbele, kwenye a,
siku yenyewe iliyopita, kwenye li,
mama wa watu kabanwa katikati, ni,
na karibu na mlango wa nyuma kijisauti, i,
kilichobeba nia ya mkono uliotupa
na hakisemi ni nia gani.

Sisi tumekizoea. Fundi alinikatia kitambaa.
Mke wangu alinikatia simu.
I ni ileile, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Kiingereza hakina subira na siri za namna hiyo.
Kitendo chake husafiri bila mizigo,
huwaacha kina mimi na yeye wamesimama barazani,
kisha hutuma kijineno kikawachukue.
Mwalimu Mazera alitutandika kwa vijineno hivyo, Tononoka,
kidato cha pili, dirisha halina kioo:
"Misumari, nyinyi! Ubao ni uleule.
Msumari ndio uamuao ni kitanda au ni jeneza."

Kuna kile kisikikacho kama tu yetu:
zikatupwa kuja kwangu, nizipokee.
Kuna na kile kinachokaribia ati:
zikatupwa kunilenga, mimi shabaha.
Tu, na ni mambo ya nyumba moja, nendeni mkapatane.
Ati, na ni shambulio, kifungu chake kipo,
na Twalib Famau hali futari ya mwaka huu kwao.
Ipo na njia ya kichochoroni:
mweke mimi ubavuni mwa kitendo, bila msumari wowote,
na funguo zinageuka karibu kuwa zawadi.
Ila ulimi ukiteleza ukaongeza nje,
aliyetupwa si funguo tena.

Karani ameinua vidole juu ya kibodi.
"Mkalimani?" Hakimu huyo.

Nikaomba ruhusa nimuulize shahidi.
"Bi Mwanaharusi, alikutupia uzidake,
au alikutupia zikupate?"

Akautazama mkono wake.
"Niliunyosha."
"Kudaka, au kujikinga?"

Kizimbani ndugu yake akakohoa.
Funguo zenyewe, kielelezo namba mbili,
zilikuwa mezani ndani ya mfuko wa nailoni, nne,
moja ina kutu, ya mlango wa marehemu baba yao.

"Mkono ulikwenda wenyewe," akasema.
"Mwaniuliza mimi tu, mwanangu. Mkono hamuuulizi?"

Hilo nililitafsiri bila taabu.
La kwanza bado. Kesi imeahirishwa hadi Alhamisi,
na kwenye kumbukumbu ya mahakama, baada ya funguo,
kuna nafasi nyeupe upana wa kidole.

Saa kumi nikapita Marikiti, njaa imenishika.
Kijana wa mihogo akaninyooshea karatasi yenye mafuta,
kijiko kimejaa, kinadondoka:
"Nikutilie pilipili?"

Nikasimama na noti yangu ya hamsini.
Unitilie wapi, kijana? Kwa ajili yangu? Juu yangu? Machoni?
Nyuma yangu watu wanasukuma,
mama mmoja mwenye kapu la bilingani anauliza
kama huyu mzee amelala.

"Tia," nikasema. "Tia tu."